Kubadilishana Wanafunzi: Nani Anakwenda na Nani Anapokea?

Wapo wazazi hapa Tanga ambao mtoto wao wa sekondari huwaletea fomu ya kuomba nafasi ya kusoma mwaka mmoja ng'ambo, akiishi na familia wasiyoijua, na mara nyumba nzima inagawanyika. Mjomba anasema hiyo ni bahati isiyokuja mara mbili, naye bibi anasema mtoto atarudi akiwa si wao tena. Hoja zote mbili zinastahili kusikilizwa, na mimi naamini kwamba historia ya AFS (American Field Service), mojawapo ya mashirika makongwe ya kubadilishana wanafunzi, inatupa kipimo cha haki zaidi kuliko matumaini au hofu: tutazame ni nani anayekwenda na ni nani anayepokea.

AFS haikuanzia shuleni. Ilianzia vitani mwaka 1915, pale A. Piatt Andrew, Mmarekani aliyekuwa amefundisha uchumi Harvard, alipowaongoza Wamarekani wa kujitolea kuendesha magari ya wagonjwa nchini Ufaransa, ilhali nchi yao ilikuwa bado haijaingia vitani. Kwa mtu wa Tanga vita hiyo haiko mbali. Miezi michache kabla ya hapo, Novemba 1914, majeshi ya Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck yalipigana katika mji huu na kikosi ambacho Waingereza walikileta kutoka India, na makaburi ya vita hiyo tunayo mpaka leo. Katika miaka iliyofuata Waafrika wengi mno wa nchi hizi walilazimishwa kuwa wapagazi wa majeshi hayo, na wengi wao wakafa njiani kwa maradhi na njaa. Nayataja haya kwa sababu kujitolea kwa vijana wale wa Marekani ni jambo la kuheshimiwa kweli, lakini kulikuwa hiari ya watu waliokuwa na uwezo wa kuchagua, na tofauti hiyo kati ya mwenye hiari na asiye nayo inarudi tena na tena katika habari hii.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Stephen Galatti, aliyekuwa dereva katika vita ya kwanza na kiongozi wa shirika katika ya pili, alikutana na madereva wenzake mwaka 1946 wakakubaliana kuendeleza kazi yao wakati wa amani. Mwaka wa masomo wa 1947 ulipoanza, wanafunzi 52 kutoka nchi 10 waliingia shule za sekondari za Marekani na kukaa katika nyumba za watu wa huko. Wazo lao kuu lilikuwa kwamba kijana akipewa kitanda, chakula na kazi za nyumbani kama watoto wengine wa nyumba, atawajua wenyeji wake kwa namna ambayo hotuba za mabalozi haziwezi kufikia. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mpango huu umejengwa juu ya ile siku ya tatu. Upande huu wa hoja nauona una nguvu sana, hasa kwa kuwa familia za wenyeji kwa kawaida hazilipwi.

Hata hivyo wanaotilia shaka nao hawasemi uongo. Kwa muda mrefu njia kuu ilielekea Marekani peke yake. Vijana wa Kimarekani walianza kupelekwa nje katika miaka ya 1950, kwanza kwa likizo ya kiangazi, kisha kwa mwaka wa shule. Enzi hizo ndizo za Vita Baridi: sheria ya Fulbright, ya Marekani kufadhili masomo ya kubadilishana na nchi nyingine, ilikuwa imepitishwa mwaka 1946, na mwaka 1960 Wasovieti walifungua chuo kikuu Moscow kwa ajili ya vijana wa Asia, Afrika na Amerika ya Kusini, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Kila upande ulijua thamani ya kijana anayerudi kwao akiwa na kumbukumbu njema. Ndiyo maana mimi naupa mwaka 1971 uzito mkubwa kuliko ule wa 1947, kwa kuwa hapo ndipo AFS ilipoanza mpango wa kuwawezesha wanafunzi kwenda nchi nyingine bila Marekani kuwa lazima upande mmoja wa safari. Mageuzi hayo yalichelewa, lakini ndiyo yaliyolipa neno kubadilishana haki yake.

Swali hilo linatugusa sisi moja kwa moja kupitia YES (Youth Exchange and Study), mpango wa kuwapeleka wanafunzi wa sekondari kusoma Marekani, ulioanzishwa na serikali ya Marekani mwaka 2002, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, kwa ajili ya vijana wa nchi zenye Waislamu wengi, Tanzania ikiwa miongoni mwao, na AFS ni mmojawapo wa watekelezaji wake. Gharama hulipwa na serikali hiyo, na hivyo mtoto wa mvuvi au wa mama lishe anaweza kwenda mahali ambapo ada zingewaruhusu watoto wa matajiri tu. Faida hiyo ni kubwa na sitaki kuidharau. Lakini anayelipa ndiye anayeamua safari ielekee wapi, na bajeti yake ikikatwa, upande wetu hauna la kusema.

Matatizo ya kawaida nayo yapo. Mwaka wa shule wa Marekani huanza Agosti au Septemba na wetu Januari, hivyo kijana wa kidato cha tatu akirudi hujikuta nyuma ya wenzake wanaojiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Swala, swaumu na chakula cha halali vinahitaji makubaliano kabla ya kuondoka, na mzazi anayeyauliza hayo asionekane mshamba.

Juu ya kupokea, husemwa kwamba nyumba za Ngamiani hapa mjini zimejaa watu na hazifai. Siikubali hoja hiyo kirahisi. Kinachotakiwa ni kitanda, chakula, usalama na mtu mzima anayewajibika, na nyumba nyingi za hapa zimelea watoto wa ndugu kwa vigezo hivyo hivyo. Tanga tayari ina urafiki wa miaka mingi na mji wa Eckernförde wa Ujerumani, na mahali pa kuanzia ni hapo: kwa kila kijana wetu anayepelekwa, mmoja wa kwao aletwe akakae Chumbageni au Makorora, asome katika darasa lenye wanafunzi wengi, ajifunze Kiswahili na afue nguo zake mwenyewe. Shirika linalokuja kwetu na fomu za kwenda peke yake liulizwe fomu za kuja ziko wapi, na jibu lake liwe sehemu ya uamuzi wa mzazi kabla ya kutia sahihi.