Suruali Hizi Zilishonwa kwa Watu Wanaosimama

Nilikuwa juu ya mti, maana kupanda na kukata miti ndiyo kazi yangu, kama mita 12 hivi kutoka ardhini, mguu wa kushoto umekanyaga tawi, wa kulia bado unatafuta la kwake, pale niliposikia ile sauti. Si sauti ya tawi. Tawi likikatika hulia mlio mkavu na mtu unajua la kufanya: unashika kamba, unamtaja Mungu. Hii ilikuwa sauti laini na ndefu, ya kitambaa kinachoaga dunia. Praaaaa! Halafu ukaja upepo, ukanipuliza mahali ambapo hatukuwa tumezoeana.

Chini yupo msaidizi wangu, kijana mwenye kazi mbili tu: kushika kamba na kutazama juu. Siku hiyo, ile kazi ya pili aliifanya kwa moyo wote.

"Kaka, kuna kitu kimechanika huko?"

"Tawi tu."

"Mbona hilo tawi lina maua?"

Ndiyo, nilikuwa nimevaa ya maua. Sasa nani alijua?

Tangu siku hiyo nimekuwa na ugomvi na watu wote wanaobuni suruali za kazi. Suruali inachorwa na mtu aliyesimama, inapimwa kwa mtu aliyesimama, kisha inavalishwa sanamu lililosimama dirishani, sanamu ambalo hata goti halina. Mimi sisimami! Mimi kutwa nzima nimekaa bila kiti. Goti moja liko kifuani kwangu, la pili liko upande wa pili wa shina, na uzito wangu wote, pamoja na msumeno na chai ya asubuhi, umebebwa na vitanzi viwili vya mkanda wa kupandia vilivyoning'ang'ania mapajani kama wadai. Nionyesheni sanamu moja la dukani linalokaa hivyo.

Watu wananishauri, "Vaa jinzi, jinzi ndiyo suruali ya kazi." Msinifundishe, historia yake naijua. Kulikuwa na fundi cherehani wa Reno, Nevada, huko Marekani, aitwaye Jacob Davis. Akafuatwa na mama mmoja aliyechoka na mumewe, mkata kuni, kila suruali anaimaliza. Davis akazipigilia ribiti za shaba, vile vipini vifupi vya kubana kitambaa, kwenye kona za mifuko, na tarehe 20 Mei 1873 yeye na Levi Strauss, mfanyabiashara aliyemuuzia vitambaa, wakapewa hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu huo. Kwa hiyo suruali yenyewe ilianza kwa mkata kuni, mwenzetu kabisa. Ila yule bwana alikatia kuni zake chini, miguu yote miwili ardhini. Na kwa ukarimu wao, ribiti nyingine waliiweka pale pale njia panda ya miguu. Ikakaa hapo miaka na miaka, mpaka vita vya pili vya dunia vilipofanya metali iwe ya kubania ndipo ikaondolewa. Yaani ilihitajika vita ya dunia nzima wanaume tuonewe huruma.

Hata bila ribiti, jinzi na mti haviivi. Pamba inakunywa jasho mpaka inalewa. Ikilowa inakuwa nzito, inagandia goti, na kila ukitaka kunyanyua mguu lazima kwanza uombe ruhusa. Halafu kuna ule mshono mnene wa ndani ya paja. Ukikaliwa na kitanzi cha mkanda kwa saa tatu, jioni ukivua unakuta umechorewa reli ya treni kutoka nyongani hadi gotini.

Nikahamia suruali ya mazoezi. Jamani, raha! Inavutika, inapumua, unapiga msamba ukitaka. Ilidumu miti mitatu. Magome yaliila kidogo kidogo kama panya, na kwa kuwa chini imepwaya, chungu waliingia kwa mlango mkuu bila kubisha hodi. Mtu aliyening'inia kwenye kamba hana pa kukimbilia. Unajikuna kwa mkono mmoja, unajishikilia kwa mwingine, na chini kuna kijana anauliza kama ni mazoezi mapya.

Basi nikanunua ile ya mifuko mingi, ya kiaskari. Mifuko sita! Nikajiona kamanda. Nilipofunga mkanda, vitanzi vikakaa juu ya mifuko minne. Mwili wangu ukawa na kabati ambalo funguo zake zimepotea. Simu ikiita naisikia inavyotetemeka pajani, kuifikia haiwezekani. Mama watoto akapiga mara saba. Nilipofika nyumbani akanisubiri mlangoni.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa juu."

"Na simu?"

"Ilikuwa chini ya mkanda."

"Mkanda wa nani?"

Hilo suala limechukua wiki. Tuliache.

Nikifika kwenye suruali za kinga ya msumeno wa mnyororo, hapo nalalamika kwa adabu, maana zile zinaokoa mguu. Ndani kuna tabaka za nyuzi ndefu zilizolala bila kubanwa. Mnyororo ukipasua kitambaa cha juu unazichomoa zile nyuzi, zinajizungusha kwenye gurudumu linaloendesha mnyororo, msumeno unakabwa koo papo hapo. Akili kubwa sana. Zina madaraja pia: daraja la 1 hupimwa kwa mnyororo unaokwenda mita 20 kwa sekunde, na ipo misumeno inayokimbia kuliko hapo, kwa hiyo usije ukajaribu kwa majivuno. Aina A inakinga mbele tu. Aina C inazunguka mguu mzima, na mtini mimi naona ndiyo yenye maana, kwa sababu huku juu hakuna mwenye uhakika mbele yako iko wapi.

Lakini joto lake! Ukiivaa aina C unakuwa godoro lenye miguu. Jasho linaanzia kiunoni linateremka kwa utaratibu, linakusanyika kwenye buti, unashuka mtini unatoa mlio wa chura. Na masharti yake ni kama dawa ya mganga: usiifue kwa maji ya moto, usiiache ilowe mafuta, na ikichanika usimpelekee fundi aipitishe kwenye cherehani, maana uzi ukizifunga zile nyuzi za ndani hazichomoki tena, na umebaki na godoro la kawaida. Ikishapigwa na msumeno mara moja, basi, imestaafu.

Kwa zile siku ambazo msumeno wenyewe haupandi nami, siku za kamba na msumeno wa mkono tu, nikaamua kutafuta suruali ya kupandia hasa. Nikaenda dukani na mkanda wangu wa kupandia begani. Muuzaji akaniuliza, "Bosi, huo wa nini?" Nikamwambia suruali bila mkanda ni sawa na kujaribu kiatu bila mguu. Nikaingia chumba cha kujaribia, nikafunga, nikachuchumaa. Nikanyanyua goti mpaka kifuani. Nikapanda juu ya kigoda, mguu mmoja ukutani. Pazia likafunguka. Nje alikuwepo mzee mmoja na wajukuu zake wawili. Nikasema "shikamoo," akaitikia "marahaba" akiwa anawafumba watoto macho.

Lakini niliipata! Msambani hakuna ile mishono minne inayokutana kama njia panda ya ajali. Kuna kipande cha kitambaa chenye umbo la almasi, mguu unaenda popote unapotaka. Magotini imeshonwa ikiwa imekunjika tayari, kama mtu aliyeijua kazi yangu. Kiuno cha nyuma kimepanda juu, kwa hiyo mlegezo basi. Vijana wanalegeza kwa hiari yao, mimi nilikuwa nalegezwa na mkanda. Mfuko mmoja tu wa zipu, umeshushwa chini karibu na goti, mbali na vitanzi. Vifundoni ni nyembamba, haivutwi na kila kijiti, na kwa ndani kuna kitambaa kigumu pale ambapo miiba ya kupandia, vile vyuma vyenye ncha tunavyofunga miguuni, hupenda kutuchana. Kitambaa ni nailoni iliyotiwa kidogo zile nyuzi za kuvutika alizozigundua Joseph Shivers wa DuPont mwaka 1958, Mungu amlaze pema, amenitendea wema kuliko ndugu zangu wengi. Nasema kidogo, maana zikizidi suruali inageuka soksi.

Kasoro moja: kamba ikikupita pajani kwa kasi, nailoni inayeyuka na kuacha mstari unaong'aa. Nimesamehe. Hata ulimbo umeigandia mpaka usiku naivua, inabaki imesimama yenyewe pembeni ya kitanda.

Miaka mitatu tumekaa vizuri mimi na yeye. Juzi nikarudi dukani, nikasema nipe nyingine kama hii. Muuzaji akatabasamu. "Bosi, hiyo imeboreshwa." Mwili ukanisisimka. Kuboreshwa! Nani alilalamika? Akanitolea. Mfuko wameurudisha juu, chini ya kitanzi. Kiuno cha nyuma wamekishusha. Ile almasi ya msambani wameitoa, mishono minne imerudi kukutana palepale. Mbele wameweka nembo kubwa.

Nikatoka, nikaenda moja kwa moja kwa fundi cherehani na ile yangu ya zamani. Akaitandaza mezani. Magoti ni viraka. Makalio ni kiraka juu ya kiraka. Vifundo alivibadilisha mwaka jana, zipu mwaka juzi. Akaigeuza, akaigeuza tena, akavua miwani.

"Kaka, naomba unielekeze. Hapa suruali ni ipi na kiraka ni kipi?"

Nikamwonyesha ile almasi ya msambani, bado nzima. "Hii ndiyo suruali. Zunguka hapo."