Injini ya Ferrari ya 2019 na Haki ya Kutilia Shaka

Tangu FIA, shirikisho linalosimamia mbio za magari za Formula 1, litangaze tarehe 28 Februari 2020 kwamba limefikia makubaliano na Ferrari kuhusu injini yake ya msimu wa 2019, iliyoshukiwa kukiuka kanuni, na kwamba yaliyomo yatabaki siri, wanaotilia shaka uaminifu wa timu hiyo wamekuwa wakiitwa mahasidi. Naona hawatendewi haki.

Utetezi wa Ferrari una uzito. Timu haikutiwa hatiani wala kupokonywa alama hata moja, na FIA yenyewe, ingawa ilisema haikuridhika kikamilifu, ilikiri kwamba ushahidi usiopingika haungepatikana. Asiyethibitishiwa kosa hahesabiwi mkosaji, na kanuni hiyo siibezi.

Hata hivyo, shaka hii haikuzuka vijiweni. Kwa mujibu wa kanuni za wakati huo, injini haikuruhusiwa kupokea zaidi ya kilo 100 za mafuta kwa saa, na wapinzani walishuku kwamba Ferrari ilikuwa ikikipita kiwango hicho bila kipimo kuonyesha. Baada ya mapumziko ya katikati ya msimu, magari yake yalianza mbele katika mbio sita mfululizo, hadi FIA ilipotoa maelekezo mapya kuhusu jambo hilohilo kwenye mbio za Austin, Marekani, na mfululizo ukakatika. Mwaka 2020 alama zake zilianguka kutoka 504 hadi 131. Ni kweli kwamba mbio nazo zilipungua, kutoka 21 hadi 17, lakini ukigawanya utapata alama 24 kwa kila mbio dhidi ya zisizofika nane. Ferrari walieleza kwamba gari jipya lilikuwa likikwamishwa mno na upepo, maelezo ambayo ningeyapokea kama kusingekuwapo Haas na Alfa Romeo, timu zenye magari ya maumbo mengine lakini injini ileile: Haas walishuka kutoka alama 28 hadi 3, Alfa Romeo kutoka 57 hadi 8. Umbo la gari la Ferrari haliwezi kuwa limewapunguzia kasi hao.

Timu saba zilizoandika kupinga usiri huo, Mercedes na Red Bull zikiwamo, ni washindani wenye masilahi yao, lakini zilichodai ni maelezo kamili. Jean Todt, aliyekuwa rais wa FIA, alisema angependa kuyatoa. Waliokataa ni Ferrari.