Mfadhili Anayeng'ata na Kupuliza

Riwaya ya Native Son ya Richard Wright, iliyochapishwa mwaka 1940, inaanza na panya. Katika chumba kimoja cha kupanga huko Chicago, upande wa kusini ambako Weusi walibanwa, mama na watoto wake watatu wanaamka, panya mkubwa anakatiza sakafuni, na Bigger, kijana wa miaka 20, anamuua kwa kikaango. Nilipokisoma kitabu hicho na wanafunzi wangu hapa Moshi, mmoja wao alisema: "Mwalimu, panya yule hajafa. Panya ni mwenye nyumba, maana anang'ata huku anapuliza."

Mwenye nyumba huyo ni Dalton, tajiri Mzungu aliyetoa mamilioni ya dola kwa ajili ya Weusi na ambaye anamwajiri Bigger awe dereva wake, ilhali kampuni anayoimiliki inatoza familia ya kijana huyohuyo dola 8 kwa wiki kwa chumba kile chenye panya. Hata baada ya Bigger kumuua binti yake, Dalton anaeleza kwamba siku hiyohiyo amepeleka meza 12 za mpira wa meza katika klabu ya vijana Weusi. Naamini ana uchungu wa kweli anaposema hivyo, na hapo ndipo Wright alipoona mbali: mtu anaweza kutoa kwa moyo mweupe na bado akawadharau anaowapa.

Katika uchunguzi wa kifo hicho, Max, wakili anayemtetea Bigger, anamuuliza Dalton kwa nini Weusi wanatozwa zaidi kuliko Wazungu kwa nyumba za aina ileile. Anajibu kwamba bei haipangi yeye. Kwa nini hawapangishi katika mitaa mingine? Anadhani Weusi hufurahi zaidi wakikaa pamoja. Je, amewahi kumwajiri hata mmoja kati ya wale aliowasomesha? Hapana. Jibu hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa sababu linaonyesha kwamba elimu aliyoilipia haikukusudiwa kumfikisha Mweusi kwenye meza anayokalia yeye. Ilikusudiwa kumpa Dalton usingizi.

Sisi tunaoishi chini ya Kilimanjaro tunaijua sura hiyo. Mfadhili mmoja mgeni, mwenye biashara ya kupandisha watalii mlimani, alikuja kugawa madaftari yenye nembo ya kampuni yake, na watoto wakapangwa juani waimbe huku wakipigwa picha. Akasema kwamba watoto wa Kiafrika wana furaha hata wasipokuwa na kitu. Sentensi hiyo na ile ya Dalton zimetoka kinywa kimoja, kwa kuwa zote mbili zinaufanya ufukara uwe tabia ya mtu badala ya ujira aliodhulumiwa. Baba wa mwanafunzi niliyemtaja ni mpagazi, na siku ile alikuwa bado anamdai mfadhili huyo malipo ya safari mbili.

Kijana wake alipokea daftari, akashukuru kwa adabu. Tulipofika kwenye sura ya uchunguzi alilifungua, akazidisha dola 8 kwa wiki 52, akapata 416, kisha akaniuliza meza moja ya mpira wa meza ilikuwa sawa na kodi ya miezi mingapi.