Kukagua mikatizo ya kerneli: anza na draiva inavyozimwa

"Kwangu kinafanya kazi" si hoja pale kiraka, yaani badiliko la msimbo linalotumwa likaguliwe, kinapogusa mikatizo ya kerneli: ishara za vifaa zinazoikatiza prosesa ili kerneli, moyo wa mfumo endeshi, izishughulikie. Mkatizo unaweza kuingia kati ya mistari yoyote miwili ya msimbo, na majaribio ya mezani hugusa nafasi chache tu kati ya hizo. Zilizobaki ni kazi ya mkaguzi, naye anazifikia kwa kusoma.

Msimamo wangu ni kwamba usomaji huo uanze na njia ya kuizima draiva (msimbo unaoendesha kifaa), ufuate njia ya kuiwasha, na kipokezi cha mkatizo, yaani kitendakazi kinachoitwa mkatizo unapoingia, kije mwisho. Wengi hufanya kinyume. Wanakimbilia kipokezi kwa sababu ndicho kilichobadilishwa, ni kifupi na kinaeleweka. Makosa mabaya mara nyingi hayakai pale.

Chukua kifaa cha kawaida hapa Mwanza: bodi ndogo yenye Linux inayohesabu maji yanayoshuka kutoka kwenye tangi lililowekwa juu ya mawe, tuseme Mabatini. Sensa ya mtiririko ya YF-S201 hutoa takriban mapigo 450 kwa lita, na kila pigo ni mkatizo mmoja kwenye pini ya GPIO (pini ya matumizi ya jumla). Kipokezi kinaongeza hesabu, kisha kinapanga kazi ya baadaye kwa `schedule_work()`.

Draiva hiyo ikiondolewa, mpangilio salama ni huu: nyamazisha chanzo kama kinanyamazishika, ita `free_irq()` kuuachia mkatizo, kisha `cancel_work_sync()` kuifuta kazi iliyopangwa, ndipo uachie kumbukumbu. `free_irq()` husubiri kipokezi kinachoendelea kimalize. Ukianza na kufuta kazi, pigo moja likiingia katikati linaipanga upya. Kumbukumbu inaachiwa, kisha kazi inaamka na kuandika kwenye anwani ambayo si yake tena. Kosa hili hujificha zaidi pale mwandishi alipotumia `devm_request_irq()`, inayoiachia kerneli kazi ya kuuachia mkatizo, kwa sababu mkatizo huachiwa baada ya `remove()`, kitendakazi cha kuiondoa draiva, kumaliza. Mstari wa `free_irq()` haupo, kwa hiyo jicho halioni kuwa umechelewa. Kila ninapoona `devm_` upande wa mkatizo na `kfree()` ya mkono upande wa kumbukumbu, kiraka hicho nakirudisha.

Upande wa kuwasha, swali ni moja: je, kila kitu ambacho kipokezi kinakigusa kiko tayari kabla ya `request_irq()`, wito unaokisajili kipokezi? Mkatizo unaweza kuingia hata kabla ya wito huo kurudi. Mezani bomba limefungwa wakati bodi inawaka, sensa imetulia, jaribio linapita. Kule Mabatini umeme unakatika na kurudi huku mtu akijaza ndoo. Maji yanashuka yenyewe, na mapigo yanaingia tangu sekunde ya kwanza. Kufuli, yaani kinga inayozuia sehemu mbili za msimbo kugusa data moja kwa pamoja, likiandaliwa mstari mmoja baada ya `request_irq()` linatosha kuiangusha bodi. Kwa hiyo jaribio ninalotaka kuliona ni la kukata umeme bomba likiwa wazi, mara nyingi mfululizo, pamoja na kuipakia na kuiondoa draiva maji yakiwa yanapita.

Sasa kufuli. Msimbo wa kawaida ukilishika kwa `spin_lock()` peke yake, na mkatizo ukaingia kwenye kiini kilekile cha prosesa, kipokezi kitasubiri kufuli ambalo mwenyewe hawezi kuliachia, na kiini hicho kinakwama papo hapo. Kwenye bodi ya viini vinne tatizo linaweza kulala muda mrefu: mikatizo ya GPIO inashughulikiwa na kiini 0, msomaji wa hesabu yuko kiini 2, hakuna anayegongana. Siku mpangaji wa kerneli, anayegawa kazi kwa viini, akimhamishia msomaji kiini 0, bodi inaganda. Dawa ni `spin_lock_irqsave()`, inayozima pia mikatizo ya kiini hicho. Mtumaji wa kiraka ajenge kerneli yenye `CONFIG_PROVE_LOCKING` na `CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP`, kwa kuwa ya kwanza hutoa onyo la mgongano hata kabla haujatokea, na ya pili humkamata anayelala (anayesimama kusubiri na kuiachia prosesa) mahali pasiporuhusiwa kulala.

Kwenye kipokezi chenyewe nakagua haraka. Kirudishe `IRQ_NONE` ("si wangu") kama kifaa chake sicho kilichoita. Linux huifunga laini ya mkatizo pale mikatizo zaidi ya 99,900 kati ya 100,000 inapokosa mwenyewe. Draiva inayorudisha `IRQ_HANDLED` ("nimeshughulikia") kila mara inauondoa ulinzi huo. Chip ya I2C, njia ya waya mbili ya kuunganisha chip, isisomwe ndani ya kipokezi cha kwanza, maana kuisoma hulala. Tumia `request_threaded_irq()`, inayopeleka kazi hiyo kwenye uzi unaoruhusiwa kulala, pamoja na `IRQF_ONESHOT`. Na `disable_irq()` ikiitwa ndani ya kipokezi cha mkatizo huohuo, inajisubiri yenyewe milele.

Mistari ya kuchapisha ujumbe nayo itolewe. Konsoli ya siriali ya biti 115200 kwa sekunde hupitisha herufi 11,520 kwa sekunde, kwa hiyo ujumbe wa herufi 80 unakula karibu milisekunde 7 pale unapoandikwa papo hapo. Maji yakipita lita 20 kwa dakika, mapigo ni 150 kwa sekunde, yaani moja kila milisekunde 6.7. Hesabu haikubali, na mtu aliyeongeza mstari huo "kwa muda tu" ataishia kulaumu sensa.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Tangu Linux 6.12 ya mwaka 2024, PREEMPT_RT, hali ya kerneli kwa kazi za muda halisi, imo ndani ya kerneli kuu. Ukiiwasha, `spin_lock()` ya kawaida inakuwa kufuli linaloweza kulala, na vipokezi vingi vinahamishiwa kwenye nyuzi. Draiva ya GPIO inayojisajili kama kidhibiti cha mikatizo inahitaji `raw_spinlock_t`, kufuli lisilolala, kwa sehemu hiyo. Kiraka kinachoibadilisha kuwa `spinlock_t` "ili kusafisha" kinaweza kupita majaribio kwenye kerneli ya kawaida.

Maelezo ya kiraka yaseme wazi kila kitendakazi kilichoguswa kinaitwa katika hali gani: ndani ya mkatizo, kwenye uzi, au mikatizo ikiwa imezimwa. Na kuhamisha msimbo kuwe kiraka kimoja, kubadilisha tabia yake kiraka kingine. Vikichanganywa, sivikagui.