Mwana-Kondoo Hakugeuka Simba

Tumetoka kwenye mkutano mkubwa wa injili hapa Tabora mjini. Spika zilisikika mpaka Ng'ambo, na watu walijaa kiasi kwamba wengine walisimama barabarani. Mhubiri alikuwa mgeni. Usiku wa mwisho alihubiri Ufunuo sura ya 19, na nyuma yake, kwenye kitambaa cheupe, projekta ilionyesha mtu juu ya farasi mweupe, macho yanawaka, upanga mkononi, na maiti zimelala chini ya kwato. Akasema maneno ambayo mtu yeyote aliyekulia kanisani ameyasikia: mara ya kwanza Yesu alikuja kama kondoo, mara ya pili anakuja kama simba. Uwanja mzima ulilipuka. Kisha akawaambia watu wanyoshe mikono na kuwataja kwa majina wote wanaowazuia kufanikiwa, kwa sababu upanga ule unakuja kwa ajili yao.

Mama aliyesimama kando yangu alimtaja mama mkwe wake. Alilitamka jina zima, akalirudia, na machozi yanamtoka.

Simlaumu yule mama. Sijui amepitia nini katika nyumba ile. Namlaumu aliyempa ruhusa. Maana sisi tunaishi Tabora. Katika mikoa yetu hii, kuanzia huku Unyamwezi hadi Usukumani, bibi zetu wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na wengine kosa lao lilikuwa macho mekundu, macho ya mtu aliyepikia kuni maisha yake yote. Hizi si hadithi za kale. Mhubiri anaposimama mbele ya umati wa watu wa hapa na kuwaambia wamtaje kwa jina aliyewafunga, halafu awaonyeshe Yesu mwenye upanga, anajua anacheza na nini? Na kama hajui kwa sababu ni mgeni, waliomwalika wanajua.

Kwa hiyo nimerudi kwenye Ufunuo wenyewe, nimeusoma wote, na ninasema bila kuogopa: ule usemi wa kondoo kwanza, simba baadaye, haumo. Kitabu kinasema kinyume chake.

Fungua sura ya 5. Yohana yuko mbele ya kiti cha enzi, kuna kitabu kilichotiwa muhuri saba, na hakuna mbinguni wala duniani anayestahili kukifungua. Yohana analia sana. Mmoja wa wazee anamwambia asilie, Simba aliye wa kabila ya Yuda ameshinda. Hapo Yohana amesikia habari za simba. Anainua macho amtazame huyo simba, na anachokiona ni Mwana-Kondoo amesimama, kama aliyechinjwa. Aliyetangazwa ni simba, aliyeonekana ni kondoo, na jeraha bado liko. Tena tangu hapo Yesu haitwi simba mahali pengine popote katika kitabu hicho, mpaka sura ya 22 inapofungwa. Anaitwa Mwana-Kondoo mara 28. Mbingu zinamwimbia Mwana-Kondoo. Anayefungua mihuri ni Mwana-Kondoo. Anayeoa mwishoni ni Mwana-Kondoo. Kiti cha enzi ni cha Mungu na cha Mwana-Kondoo. Ukitaka kujua wanyama wengine wenye sifa za simba katika kitabu hicho, soma sura ya 9, wale nzige wenye meno kama ya simba, na sura ya 13, yule mnyama atokaye baharini mwenye kinywa kama cha simba. Hao ndio wanaotisha kwa meno.

Sasa tuje kwenye sura ya 19, aliyoipenda mhubiri. Mpanda farasi mweupe anaitwa Mwaminifu na Wa-kweli. Macho yake ni kama mwali wa moto, kichwani ana vilemba vingi, na jina lake ni Neno la Mungu. Upanga upo, nani aliukataa? Lakini unatoka kinywani mwake. Ndivyo ilivyoandikwa, na ndivyo ilivyoandikwa pia katika sura ya 1, pale Yohana alipomwona mara ya kwanza kisiwani Patmo, katikati ya vinara saba vya taa. Aliyechora ile picha ya projekta aliutoa upanga kinywani akautia mkononi, na kwa kufanya hivyo amebadilisha ujumbe wote. Huyu anapigana kwa neno lake. Majeshi yanayomfuata yamevaa kitani nzuri, nyeupe, safi, na hakuna silaha hata moja iliyotajwa mikononi mwao. Hawajaitwa kukata mtu.

Halafu kuna vazi lake. Limechovywa katika damu, na Yohana analitaja katika aya ya 13, kabla vita havijaanza. Majeshi ya adui yanakusanyika aya ya 19. Damu hiyo ni ya nani, kama hakuna aliyekwisha kupigwa? Wanaoijua Isaya 63 watanikumbusha yule atokaye Edomu, mavazi yake yametapakaa damu ya mataifa aliyoyakanyaga kama zabibu shinikizoni. Sawa. Yohana anaijua sura hiyo na ameichukua, na aya ya 15 inataja shinikizo lenyewe. Lakini kila mahali Ufunuo unapozungumza juu ya damu inayookoa na kushinda, ni damu ya Mwana-Kondoo mwenyewe: ametuosha kwayo katika sura ya 1, amenunua watu kwayo katika sura ya 5, mavazi yamefuliwa yakawa meupe kwayo katika sura ya 7, na yule joka ameshindwa kwayo katika sura ya 12. Nami nasoma sura ya 19 kwa mwanga huo. Anakuja vitani akiwa tayari ametokwa damu.

Hapa Tabora hatukupaswa kufundishwa hili na mtu yeyote. Kanisa la Moravian limekuwa Unyamwezi tangu mwaka 1898, walipoipokea Urambo kutoka kwa wamisionari wa London, na makao makuu ya jimbo la Magharibi yako mjini hapa. Nembo yao ni kondoo aliyebeba bendera. Tulipokuwa watoto tuliiona ukutani, kwenye vitenge vya akina mama, kwenye sare za kwaya, na salamu yao kila mtu anaijua, hata sisi tusio Wamoravian: Mwana-Kondoo ameshinda, na mnaitikia, tumfuate. Ameshinda. Imeshakuwa. Hawasemi atashinda siku akigeuka kuwa kitu kingine. Bibi mmoja wa jirani yetu, ambaye hakusoma zaidi ya kuijua Biblia na tenzi, alikuwa akiitamka salamu ile asubuhi mbele ya mwangaluka, salamu yetu ya Kinyamwezi ya asubuhi, na alikuwa ameelewa Ufunuo kuliko yule mgeni na vyombo vyake vyote.

Na kuna jambo jingine ambalo mtu wa Tabora angepaswa kulisoma kwa sauti kubwa. Sura ya 18 inaeleza anguko la Babeli, yaani Rumi ya zama zile, na wafanyabiashara wanalia kwa sababu hakuna anunuaye tena shehena zao. Yohana anaiorodhesha shehena hiyo: dhahabu, fedha, lulu, hariri, vyombo vya pembe za ndovu, mdalasini, uvumba, mvinyo, ngano, ng'ombe, kondoo, farasi, na mwisho kabisa, miili na roho za wanadamu. Pembe za ndovu na wanadamu! Mji wetu ulikuwa njiapanda ya biashara hiyo hiyo. Misafara ya kutoka Ujiji na ya kutoka Buganda ilikutana hapa Unyanyembe kabla ya kushuka Bagamoyo, na waliobeba pembe na waliofungwa minyororo walipita njia moja. Tembe la Kwihara, nyumba ya zama za misafara hiyo, bado lipo, watalii wanapelekwa. Basi mtu wa hapa akiisoma orodha ile hahitaji mwalimu wa historia ya Rumi.

Sasa weka sura hiyo kando ya sura ya 5. Babeli inauza watu. Mwana-Kondoo naye ananunua watu, wa kila kabila na lugha na jamaa na taifa, na malipo ni damu yake. Akishawanunua hawafanyi watumwa, anawafanya ufalme na makuhani. Huyo ndiye Yesu wa Ufunuo. Nilitamani sana mtu ayaseme hayo kwenye ule uwanja, kwenye ardhi hii ambayo imekanyagwa na watu waliouzwa. Badala yake tuliambiwa tutaje majina.

Kuna hukumu, sitaificha. Sura ya 6 inasema juu ya hasira ya Mwana-Kondoo, na wafalme na matajiri wanaiomba milima iwaangukie. Barua kwa kanisa la Thiatira ina vitisho juu ya yule mwanamke Yezebeli na watoto wake ambavyo sijawahi kuhubiriwa nikaridhika. Sura ya 14 ina damu inayofika hatamu za farasi. Ndege wanakula nyama za wafalme. Martin Luther, alipotoa Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522, aliandika katika dibaji kwamba katika kitabu hiki Kristo hafundishwi wala hajulikani. Mwaka 1530 akaandika dibaji nyingine yenye heshima zaidi. Waorthodoksi wanacho katika Biblia yao lakini hawakisomi katika ibada zao za kawaida. Nawaelewa wote. Ni kitabu kigumu, na anayesema si kigumu hajakisoma.

Lakini uliza hukumu hiyo inadaiwa na nani. Ni roho za waliochinjwa, zilizo chini ya madhabahu, zinazolia hata lini. Kitabu kiliandikiwa makanisa madogo saba ya Asia, jimbo la Rumi lililo Uturuki ya leo, na wengi wa wanaokichunguza wanasema ilikuwa mwishoni mwa karne ya kwanza, enzi za Kaisari Domitian. Walikuwa watu wasio na jeshi, wasio na wakubwa wa kuwatetea. Antipa wa Pergamo alikuwa ameshauawa, na Yesu mwenyewe anamtaja kwa jina na kumwita shahidi wake mwaminifu. Tazama ni jina gani Yesu anataja kwa sifa: la aliyeuawa. Na Babeli inapohukumiwa, shitaka la mwisho ni kwamba ndani yake ilionekana damu ya manabii, na ya watakatifu, na ya wote waliouawa juu ya nchi. Wote. Sitaki mtu aniambie kwamba bibi zetu waliokatwa mapanga usiku majumbani mwao hawamo katika hao wote. Wao wako chini ya madhabahu. Anayewanyoshea kidole vikongwe wengine leo ajiulize, siku ya upanga ule utokao kinywani, atakuwa amesimama upande upi.

Kuhusu mnyama wa sura ya 13 na zile hesabu za 666 zinazozungushwa kwenye simu kila uchaguzi unapokaribia, sina la kusema, nimechoka nazo. Majirani zangu Waislamu nao wanangoja kurudi kwa Isa bin Maryamu, na usiku ule walimsikia kwenye spika zetu akiwa mchinjaji. Hilo limeniumiza kwa namna yake.

Nilimtafuta yule mama baadaye, kwa sababu tunanunua mboga sokoni kwa mtu mmoja. Sikumhubiria. Nilimuuliza tu kama mama mkwe ni mzima. Akasema amelala ndani, miguu inamsumbua. Nikamwomba nikamsalimie, akasita, kisha akakubali. Tulimkuta bibi ameketi mkekani, nikampa shikamoo, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, tukaongea habari za mvua na bei ya mahindi. Mkwewe alikuwa mlangoni muda wote, hakuingia wala hakuondoka.

Wachungaji wa Tabora, nasema nanyi kwa heshima. Mnajua sura ya 19 inasema wafalme wa nchi walikusanyika kupigana na yule mpanda farasi, wakauawa kwa upanga wa kinywa chake. Basi msiishie hapo. Nendeni sura ya 21, kwenye mji mpya ambao taa yake ni Mwana-Kondoo. Wafalme wa nchi wanaingia humo, wanaleta utukufu wao. Ni wafalme hao hao wa nchi. Milango haifungwi mchana, na usiku haupo. Elezeni hilo madhabahuni. Waelezeni waumini, ambao mmekuwa mkiwaambia wataje majina ya maadui, wafalme hao wamefikaje mle ndani, na nani aliwapa ruhusa ya kuingia.