Bandia kwa tafsiri ya nani?

Septemba 2011 viligunduliwa nchini Kenya vidonge bandia vya Zidolam-N, mchanganyiko wa ARV (dawa za kufubaza VVU) tatu. Vingine vilikuwa vimebadilika rangi, vingine vikimomonyoka. Naanza na hilo kwa sababu sisi tunaoshangilia ushindi wa wanaharakati wa UKIMWI mahakamani mwaka 2012, dhidi ya sheria ya Kenya ya bidhaa bandia, huwa tunaliruka. Waliotunga Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008 hawakuwa wakipigana na kivuli. Dawa feki zipo, na dozi pungufu huvijengea virusi usugu.

Shida ilikuwa tafsiri yenyewe ya neno bandia. Ilikuwa pana kiasi cha kuweza kuzikumba dawa za jeneriki, zile zenye kiambato kilekile ila zimetoka kiwanda kingine kisichomiliki hataza, yaani haki ya kipekee ya mvumbuzi. Na ni jeneriki, nyingi za India, zilizoleta tiba kwa watu wa kawaida: mwaka 2000 ARV za mtu mmoja ziligharimu kama dola 10,000 kwa mwaka, Februari 2001 Cipla, kampuni ya India, ikatangaza dola 350 kwa mashirika ya misaada.

Patricia Asero Ochieng na wenzake wawili, wote wanaoishi na VVU, wakaenda Mahakama Kuu, Nairobi, kuipinga sheria hiyo. Serikali ilijitetea kwa hoja isiyo ya kubeza: sheria ilisema wazi kwamba haigusi Sheria ya Mali ya Viwandani ya 2001, ambayo tayari inaruhusu kuagiza dawa nafuu. Kwenye karatasi, sawa. Ila dawa hupita bandarini, mbele ya afisa mwenye haraka na hati za shehena mkononi. Mwaka 2009 forodha ya Uholanzi ilizuia abacavir, ARV mojawapo, ya jeneriki iliyokuwa ikitoka India kwenda Nigeria, kwa shuku kuwa ni bandia. Kama iliwezekana Amsterdam, Mombasa je?

Aprili 20, 2012, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu vya 2, 32 na 34 vikitumika kwa jeneriki vinatishia haki ya uhai, utu na afya. Alibaini pia kwamba shabaha ya sheria ile ilikuwa zaidi kulinda wenye hakimiliki kuliko mtumiaji.

Nadhani aliamua sawa, na ushahidi wangu ni vidonge vilevile vya Zidolam-N. Dawa iliyoigwa ilikuwa ya Hetero, kampuni ya India inayotengeneza jeneriki. Tafsiri pana ya neno bandia ingemtia mwizi na aliyeibiwa kapu moja.

Lakini hukumu haipimi vidonge. Kazi hiyo ni ya Bodi ya Famasi na Sumu, msimamizi wa dawa nchini Kenya, na ndiyo iliyostahili kuongezewa maabara na wakaguzi tangu 2008, badala ya kuwakabidhi dawa maafisa wanaowinda viatu na betri feki.