Ibada ya Maua haihitaji majira ya baridi
Makala moja niliyoisoma inadai kwamba Ibada ya Maua ya Wayunitariani, dhehebu huria lisilomfunga muumini kwa kanuni moja ya imani, ni desturi ya Ulaya ya kushangilia mwisho wa baridi, na kwa hiyo haina maana kwa makusanyiko madogo ya huku magharibi mwa Kenya. Sikubaliani. Norbert Čapek, mchungaji Myunitariani wa Kicheki ambaye Wanazi walimuua mwaka 1942, alipoianzisha Prague mwaka 1923 alikusudia kuwaunganisha waumini waliotoka madhehebu mbalimbali, ambao baadhi yao hawakutaka tena mkate na divai: kila mmoja huja na ua lake, huliweka pamoja na mengine, kisha huondoka na ua la mwenzake. Baridi imeingiaje hapo? Sisi hapa Kisumu tuliifanya mwezi Juni, baada ya mvua ya masika, mahindi yakiwa yametoa mbelewele, na mama mmoja mzee akaleta ua la mboga ya maboga, la njano, likiwa bado na umande. Kufikia adhuhuri lilikuwa limejifunga, lakini kijana aliyelipata alikataa katakata kulibadilisha, akalibeba hivyo hivyo hadi nyumbani. Wenzangu wa Kisii na Kakamega, kwenu ibada hii huwekwa mwezi gani?